Kingereza ya Kumwambia Maman

Jumatatu, 10 Januari 2000

Nimeanza kusoma Kingereza. Mimi Épiphanie, muntu mukubwa, nimekaa ku benchi ya batoto ba primeri hapa Kamembe, magoti karibu inagusa kidevu! Masomo ni ya jioni, kisha kazi. Mwalimu ni Gisa. Yeye alikomalia Uganda tangu utoto, Kingereza inamutoka mulomoni bila kufikiri. Sisi tulikomalia Congo, tuko na Kifaransa yetu, na Kifaransa haileti tena kazi. Unaenda ku biro ya bazungu, banakuuliza: English? Unajibu: un peu, kidogo tu. Banakuambia asanti, rudia nyumbani.

Gisa hafundishi gramere. Anasema gramere tutaisoma siku ya uzee. Anafundisha ile misemo bazungu banasema kila siku mu kazi, ile ya mode, ya kisasa. Leo: touch base. Maana yake kusemezana kidogo, kujua kila muntu amefikia wapi. Kisha: at the end of the day. Maana yake mwisho wa maneno yote — hata kama ni asubuhi! Tulicheka. Gisa hakucheka. Alisema tusigeuze neno kwa neno, tutakufa njaa. Tutafute moyo ya maneno.

Nyumbani Maman akaniuliza nimejifunza nini. Nikamuonyesha. Akafikiri kidogo, kisha: hiyo Kingereza inaweza kuuliza Manzi iko wapi? Nikamuambia inaweza. Akasema basi, soma.

Manzi mudogo wangu. Basoda balimutoa mu nyumba yake kule Lubumbashi, ile juma vita ya pili ilianza, mwezi wa munane 98. Juu ya sura na jina ya Kinyarwanda tu. Fundi wa umeme! Hakuwa na siasa hata ya kuazima. Tangu pale, kimya.

Alhamisi, 20 Januari

Leo Gisa ametupa keep you posted, ni kuahidi muntu kwamba utamuletea habari. Na bear with me, ni kumuomba akuvumilie. Na fingers crossed — unapandisha kidole juu ya kidole, unaomba bintu biende muzuri. Darasa muzima ikakunja bidole. Bantu bazima na ndevu zao!

Nikaijaribu ku soko kwa Nabintu, ule anatoka Bukavu kila asubuhi na ndoo ya sambaza, ile samaki ndogo ya ziwa. Nikamuonyesha: hivi njo bazungu banaomba. Akaangalia bidole byake, akasema: dada, nikibifunga hivi, ndoo nitaibeba na nini? Tulicheka mpaka muteja akaenda kununua kwa mwingine. Kisha akaniuliza pole-pole: na Manzi? Kicheko ikaisha palepale.

Bantu ba kanisa balikuja tena kwa Maman. Banataka tunawe. Kwetu kilio haiishi mpaka bote banawe mikono mu beseni moja, pale mu kiwanja. Kisha hapo unaweza kupika, kucheka, kuoa, kulima. Maman hajanawa. Alibaambia: nikinawa, njo mimi nimemuua. Akabapa chai, bakaenda.

Ijumaa, 28 Januari

Nimepata kazi! Yesu wangu!

Ni ku biro ya bazungu banaotafuta bantu balipotea mu vita. Nitakuwa mukalimani. Mukubwa ni Madame mumoja murefu, mwenye sauti ya chini. Balinzi banamuita Madame Tutaona, juu kila muntu anaingia pale na kilio na anatoka na «tutaona». Aliniuliza mimi ni muntu wa namna gani. Nikamutupia: at the end of the day, I am a people person, maana yake napenda kukaa na bantu. Akacheka mpaka akatoa miwani. Gisa nitamununulia bia.

Iko na sheria moja ngumu. Mukalimani anasema yote, haongezi, hapunguzi. Na haruhusiwi kukalimani juu ya muntu wa jamaa yake. Hapo nikanyamaza. Maman alipeleka jina ya Manzi mu biro ileile mwaka uliopita. Lakini kwetu kila mutoto iko na jina yake, hakuna ya ukoo. Mimi Épiphanie Uwineza, yeye Manzi. Muzungu atajulia wapi kwamba tulinyonya ziwa moja?

Nilinyamaza juu nataka kuwa mule ndani siku habari yake itafika. Ni ile tu. Mungu anaona.

Jumatano, 9 Februari

Madame hasemi hata siku moja: sijui. Hasemi: hakuna. Anasema it's a long shot, maana yake tusitegemee sana. Anasema the ball is in their court, maana yake tunangoja bengine bajibu. Anasema we'll keep you posted. Siku nzima. Mwanzo nilikasirika. Muntu anauliza juu ya bwana yake, unamujibu na mambo ya mupira?

Sasa nimeelewa faida yake. Ni sawa kitambaa ya kushikia sufuria. Sufuria inabaki na moto wake, ni wewe tu hauungui. Muntu akija asubuhi na batoto bake bane balipotelea mu pori, na kisha yake mwingine, na mwingine, utafika saa sita namna gani?

Leo Mukandori wa Nyakabuye aliniambia: binti, wewe ni wa kwetu, sema wazi, mutoto wangu iko hai ao hapana? Nikamujibu atuvumilie. Bear with us! Madame hakuwa hata amefungua mulomo. Ilitoka kwangu mwenyewe. Mukandori akaokota kitambaa yake, akanitolea macho, akaenda. Nilisikia haya mpaka ku masikio.

Jumatatu, 14 Februari

Gisa leo amefundisha namna bazungu banasema kifo bila kuitaja. Passed away. We lost him. He didn't make it. Ya mwisho inasemwa juu ya muntu alipigana na hatari, hatari ikamushinda. Anasema hii njo tutaihitaji zaidi, tukipata kazi kwao.

Mumoja akauliza: bazungu banaogopa hivi? Gisa akasema: na ninyi?

Ni kweli, sisi pia tunaogopa. Lakini sisi tunatuma muntu. Kubika muntu, yaani kupeleka habari ya kifo yake, si kazi ya kila mulomo. Ni mukubwa wa upande wa baba, na wanaume babili nyuma yake. Banakuja asubuhi. Banangoja mama akule kwanza, juu kisha hapo hatakula. Banamukalisha chini ku mukeka. Njo mukubwa anasema. Mutoto wa nyumba hawezi kumubikia mama yake, hapana! Banasema atakuwa amemuzika mwenzake na mulomo yake. Gisa akasema njo vile naye balimubikia baba yake kule Uganda, na alikuwa angali mudogo. Kisha akageukia ubao, akafuta yote.

Jumanne, 22 Februari

Andika, Epi. Andika tu.

Asubuhi nafungua mulango ya biro, namuona Maman ku foleni. Kitenge yake ya Noeli, viatu bya kanisa. Hakuniambia kwamba anakuja. Balikuwa bamemuitisha jana kupitia muntu wa secteur, wa serikali, mimi niko ku masomo. Nikamufanyia macho, asinijue. Akaelewa. Maman wangu haelezwi kitu mara mbili. Aliingia, akanisalimia sawa mugeni: bonjour, mademoiselle.

Madame akafunga mulango. Akatoa miwani.

Alisema bamepata habari kwa radio, toka biro yao ya Zambia. Kuko mwanaume mumoja alifungwa nyumba moja na Manzi kule Lubumbashi, yeye aliponea. Manzi yeye, homa na tumbo ya kuhara, hakuna dawa. Ilikuwa mbele ya Noeli ya 98. Ule mwanaume mwenyewe alimufunga macho. Lakini hayo yote aliniambia mimi kwanza, haraka-haraka, niyajue. Kisha akamugeukia Maman, akamushika mukono, akamuambia: I'm so sorry. He didn't make it.

Akaniangalia mimi. Zamu yangu.

Maman alikuwa anaangalia mulomo yangu. Si macho, mulomo. Manzi alizaliwa mimi niko na miaka mine, nilimubeba ku mugongo mpaka nikapinda! Na mimi njo nimubike? Mu chumba ya bazungu, ku kiti ya plastiki, bila baba mudogo, bila mukeka, na yeye hajakula?

Nilisema: Maman, banasema bangali banatafuta. Kazi ni ngumu lakini banaendelea. Batatujulisha kukiwa na kitu. Tuendelee kuomba.

Batatujulisha! We'll keep you posted. Nimemupa mama yangu mwenyewe kitambaa ya sufuria.

Maman hakulia. Akasema asanti, na mikono yote miwili. Madame akashangaa, akaniambia polepole: she's so strong, yaani iko na nguvu sana. Nikasema yes, Madame. Kisha Madame akasimama, akamukumbatia Maman, akaanza kulia yeye. Muzungu analia juu ya bega ya Maman, na Maman anaangalia mimi juu ya bega ya muzungu.

Nililia mu choo. Manzi. Manzi. Mbele ya Noeli ya 98, na sisi tulimuombea Noeli mbili.

Alhamisi, 24 Februari

Nilimuambia Madame niko mugonjwa. Nikashuka mpaka Muganza kwa baba mudogo Sibomana. Anafanya kazi ku kiwanda ya simenti. Nilimungojea ku mulango mpaka zamu yake iishe. Akatoka mweupe kichwa na miguu, hata ndevu. Nikamueleza yote pale kando ya malori.

Akakataa.

Akasema: kaburi iko wapi? Nikasema hakuna. Maiti nani aliiona? Nikamuambia mwanaume mumoja, iko Zambia. Akacheka vibaya. Unamujua? Simujui. Muzungu anamujua? Aliisikia ku radio. Basi, Epi, unataka nimubike mutoto wa kaka yangu na radio?

Najua anaogopa nini. Bote tunajua. 96 alimubika Muhigirwa kule Gitambi. Bantu balisema bamemuona amekufa mu pori ya Congo. Baba mudogo akaenda asubuhi, na mukeka, na wanaume babili, muzuri kabisa. Bakalia, bakanawa. Bibi ya Muhigirwa akaolewa na mwingine. Mwaka uliofuata Muhigirwa akatokea ku barabara, amebaki mifupa, anatembea! Akakuta mutoto wa mwanaume mwingine ku mulango wake. Hakumupiga bibi. Alienda kwa baba mudogo, akasimama mbele yake, akamuuliza: mimi nilikukosea nini? Mpaka leo banapishana ku misa bila salamu.

Baba mudogo akasema hatabika tena muntu hakumugusa na mukono yake. Akanipa ndizi ya kupelekea Maman. Nilimutukana mu roho njia yote. Kisha nikamuhurumia. Kisha nikamutukana tena.

Jumamosi, 26 Februari

Maman iko anachambua maharagi. Bila kuinua macho: Epi, ule muzungu alilia nini?

Nikasema bazungu banaguswa upesi.

Akasema: aa.

Akaendelea kuchambua. Maharagi ilikuwa imeisha kuwa safi zamani.

Jumatatu, 28 Februari

Nilienda kwa pasteri, nimuombe abike yeye. Akasema hii ni ya ukoo, si ya kanisa, na alisema kweli. Nikaenda ku masomo juu sikuweza kurudi nyumbani. Gisa aliandika ku ubao: move on. Akaeleza: ni kuacha ya nyuma, kuendelea mbele. Akaniomba nitunge mufano. Nikasimama. Nikabeba sakoshi yangu, nikatoka. Akanifuata mpaka ku mulango, akaniita dada, akauliza kuko nini. Karibu nimuambie! Lakini yeye ni muntu wa kando, hata kwao sikujui. Nikamuambia bear with me. Upumbafu gani huu! Hata machozi yangu inatoka na Kingereza ya Gisa.

Maman hakuli muzuri. Anakula mimi nikimuangalia, nikigeuka anaacha. Ananingoja. Ao mimi njo ninamungoja, sijui tena. Tunatembea mu nyumba sawa bantu babili banabeba chungu moja.

Alhamisi, 2 Machi

Bado asubuhi. Sijaenda ku kazi. Niandike mbele Maman arudi.

Maman aliamka, akafagia kiwanja. Akakula. Nililiona hilo: bugali ya jana na chai, yote, bila kuambiwa. Akapanguza mikono. Akatandika mukeka pale ku mulango, akakaa chini, miguu ameinyoosha mbele. Akaniita.

Akasema: ile siku, Madame alisema maneno mafupi. Wewe ulisema marefu.

Akasema: sikuulizi maana yake. Usiniambie maana. Wewe ni mutoto wa nyumba, na baba yako mudogo hakuja, nimengoja, nimeona hatakuja. Niambie tu yenyewe. Vile muzungu alisema. Ku Kingereza.

Nikamuambia: Maman, Kingereza hausikii.

— Njo maana nakuomba.

Nikapiga magoti. Nikasema: he didn't make it.

Akasema: rudia. Nikarudia. Akafunga macho. Rudia. Akaanza kuisema yeye. Hi didi mekiti. Mwanzo ilikuwa inamuponyoka, anarudi mwanzo, anapiga kidole ku goti sawa mutoto anakariri katekisimu. Nilimurekebisha! Mungu anisamehe, nilimurekebisha mama yangu: hapana Maman, didn't, ulimi juu. Mpaka ikawa muzuri, hata Gisa hangekataa. Uso yake haikubadilika. Lakini mukono yake ilikuwa imeshika mukono yangu, na kucha ziliingia. Alama iko hapa ningali naiona.

Kisha akasimama, akavaa viatu bya kanisa.

Akauliza mwalimu wangu anakaa upande gani. Nikamuambia, nyuma ya primeri, nyumba ya bati mupya. Akauliza: si wa kwetu, ule? Nikasema hapana, Maman, si wa kwetu. Akauliza tena: baba yake angali hai? Nikasema alikufa, balimubikia yeye angali mutoto. Akaitikia na kichwa. Muzuri, akasema. Atajua kuniambia maana.

Nikataka kumusindikiza. Akanikatalia na mukono. Akashika barabara ya kupanda Kamembe, kitenge amekaza, mulomo inachezacheza. Hasalimii muntu, anaogopa maneno isimumwangike. Mama ya jirani alimuita, akapita tu.

Pale ku kona alisimama. Nikamuona anageuka. Akaniita toka kule juu, sauti yote: Epi! Ya mwisho ni nini? Hi didinti — ya mwisho!

Barabara muzima inasikiliza. Wanawake na bikapo, batoto ba masomo, ule muuza mandazi. Hakuna hata mumoja anajua Kingereza. Nikafanya mikono hivi ku mulomo, nikapaza:

— Make it, Maman! Make it!

Akainua mukono: nimesikia. Akageuka, akaendelea kupanda.

Sasa simuoni tena. Gisa anakuwa nyumbani asubuhi. Atamukaribisha ndani, atamupa kiti, Maman ataikataa, atakaa chini. Ataisema vile nilimufundisha. Na Gisa hageuzi neno kwa neno.

Nimetoa beseni mu nyumba, nimeiweka katikati ya kiwanja. Maji iko hapa kando yangu mu bidon. Sijaimimina bado.